Dahlia Monteverde Hana Mpango

Jumatatu, 3 Juni

Nimetukanwa na binti wa miaka ishirini na sita. Kwa adabu zote, lakini nimetukanwa.

Anaitwa Jhoanalyn, mhariri mpya kule Manila. Alipiga simu saa tatu asubuhi, kahawa bado iko mdomoni. Akaniita Mang Dulo, kama inavyompasa kumwita mtu wa umri wa baba yake. Akauliza hali ya mke wangu. Akauliza mvua ya Lipa. Kisha akachinja.

Amesoma riwaya yangu ya thelathini na moja. Shujaa wa kike ana mimba ya miezi kumi na minne. Mama yake bwana harusi anazikwa sura ya tatu, halafu sura ya tisa anacheza dansi kwenye harusi ya mwanawe.

Nikamwambia yule ni mzimu. Akasema ukurasa wa mia na kumi mzimu huo unaongezewa nyama ya nguruwe mara mbili. Nikamwambia mizimu ya kwetu Batangas inakula. Hakucheka.

Sasa amri. Hakuna riwaya ya thelathini na mbili bila mpango! Sura kwa sura, mwanzo hadi mwisho, kabla sijaandika hata neno moja. Umfikie Ijumaa saa kumi jioni. La sivyo...

Niandike polepole. Jina la Dahlia Monteverde, ambalo wanawake wa visiwa vyote hivi wanalilalia chini ya mto, si langu. Ni mali ya kampuni. Mimi ni Teodulo Macaraig, mwanamume mwenye kitambi, naandika mapenzi nyuma ya duka la tambi la mke wangu. Miaka kumi na tisa nimekuwa Dahlia. Nisipoleta mpango, Dahlia atapewa mtu mwingine.

Na mtu mwenyewe ni Purita Dimayuga!

Mwalimu mstaafu wa hesabu. Anakaa mtaa wa tatu kutoka hapa. Anaandika busu kama anavyotafuta kipeuo cha pili. Kila kitabu chake kina sura ishirini, si kumi na tisa, si ishirini na moja. Na ili kutia msumari moto juu ya kidonda, Jhoanalyn amemwomba anifundishe. Kesho saa nne.

Alipokuwa akiniaga akasema, kwa sauti laini kabisa, kwamba jina langu ni Dulo, yaani mwisho kwa lugha yetu, na ni ajabu mtu anayeitwa Mwisho hajawahi kuujua mwisho wa kitabu chake. Vijana wa siku hizi hawana dini.

Consing, mke wangu, alikuwa anakata maini ya tambi za mchana. Akasema ile mimba aliiona mapema. Alidhani labda yule dada amebeba tembo. Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Kwani uliniuliza?"

Mwanamke huyu hanisaidii.

Jumanne, 4 Juni

Kwa Purita. Nyumba safi mpaka inatia kichefuchefu. Viatu mlangoni vimepangwa kwa ukubwa.

Alinikaribisha vizuri, na hilo nalo lilinikera. Akanitolea keki ya wali. Akaniambia kupanga riwaya si kuiua, ni kujua tu unakwenda wapi kabla ya kutoka nyumbani. Nikamwambia Mwalimu, mimi moyo ndio unaonipeleka. Akasema ndiyo, na mwezi uliopita moyo ulimpeleka mama wa watu kaburini na kumrudisha ukumbini.

Kumbe hata yeye kasoma!

Kisha nikauona ukuta. Karatasi za rangi toka dari hadi sakafu, zimeunganishwa kwa uzi mwekundu. Hajaandika majina, herufi tu, kama swali la mtihani. A anamkataa B mbele ya mama yake B. B anaondoka kwenda Mindoro. A anachumbiwa na C. B anarudi, anakwenda kutengeneza redio ya baba yake A, hamtazami A, hasemi neno, anaondoka.

Nilisikia baridi mgongoni. Hasemi neno! Anatengeneza redio na kuondoka! Wivu ukanipanda mpaka masikioni. Mwalimu wa hesabu kaitoa wapi hiyo?

Alipokwenda jikoni kuongeza kahawa, nikatoa simu. Picha sita. Ukuta mzima.

Si wizi. Kitabu hakijatoka bado, hakina mwenyewe. Nikituma mimi kwanza, yeye ndiye atakayeonekana mwizi. Na amezidi. Mtu mwenye riwaya arobaini na nne ana haja gani na moja zaidi?

Somo lilikwisha saa sita. Sikumbuki lilihusu nini.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya ushindi!

Nimefanya kazi kama farasi, asubuhi nzima. A sasa ni Marivel. B ni daktari Leandro. Redio nimeigeuza feni, ili mtu asijue. Mindoro nimeiacha kama ilivyo, ni mbali vya kutosha. Saa saba mpango ukaenda Manila. Siku mbili kabla! Chini nikamwandikia Jhoanalyn kwamba umenijia wenyewe, na kwamba kumbe kupanga ni kipaji, mtu huzaliwa nacho.

Somo la pili lilikuwa leo saa nane. Sikwenda. Nilituma ujumbe kwamba jino linaniua. Nikala bakuli tatu za tambi kujipongeza, na ndimu nyingi.

Saa kumi Purita akatokea mlangoni na mwavuli na sufuria. Ameniletea uji wa wali na kuku, laini, kwa ajili ya jino. Nilijishika shavu la kushoto. Baadaye nikakumbuka katika ujumbe niliandika la kulia. Akaliangalia shavu. Akamwambia Consing, "Mpe ukiwa vuguvugu, maskini."

Uji ulikuwa mtamu. Niliula wote. Dhamiri haikunisumbua hata kidogo, ila tumbo.

Alhamisi, 6 Juni

Siwezi kuandika. Naandika.

Jhoanalyn alipiga saa mbili na nusu. Hakuuliza mvua. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema jino. Akasema hapana, kichwani.

"Mang Dulo, huu mpango ni riwaya yako ya kumi na mbili. Tumeshaichapa, tena mara tatu. Kitu kipya humu ndani ni feni tu."

Nikacheka. Nikasema haiwezekani, labda amechanganya waandishi. Akanisomea ukurasa mmoja. Nikasema huyo aliyeandika anajua kazi. Akasema ni wewe. Halafu akasema, kwa huruma, na huruma yake ilikuwa mbaya kuliko kisu, kwamba kesho saa kumi iko palepale.

Nimeiba kitabu changu mwenyewe! Na sikukitambua!

Nilikwenda kwa Purita mbio, mvua ikinipiga, bila mwavuli. Njia nzima natunga matusi. Amenitegea mtego. Amenianika ukutani kwake kama samaki ili aonyeshe wanafunzi jinsi ya kutoandika. Nikayamwaga yote mlangoni, pamoja na siri ya zile picha sita, ambayo nilikuwa nimeapa kutoitoa.

Hakukasirika. Alinipa taulo. Akasema picha alijua, nilisahau kuzima ule mlio wa kamera.

Kisha akaniambia. Mumewe alipofariki, mwaka wa saba huu, dada yake alimletea kitabu cha kupitisha siku. Kilikuwa hicho cha kumi na mbili. Hakuwa amelia msibani, watu wakamsema ana moyo wa jiwe. Alipofika pale kijana anapofunga ule mfuniko wa redio, anaweka bisibisi mfukoni na kutoka, alilia mpaka paka akakimbia. Ndiyo kilichomfanya aanze kuandika. Na kila mwaka anakipanga upya ukutani, akitafuta nilifanyaje. Hesabu haikubali.

Nikamuuliza ikawaje yule kijana baada ya kutoka.

"Hukumbuki?"

Nikasema sikumbuki. Akanisimulia. Baba anamwita binti, anamwambia redio haikuwa imeharibika, aliikata waya mwenyewe ili kijana aitwe. Hapo nikalia na mimi. Tukawa watu wazima wawili tunalia jikoni kwa ajili ya redio. Kitabu kizuri namna ile! Angalau mmoja wetu anakijua.

Akafuta macho, akawa mwalimu tena. Akaniambia tusahau sura ishirini, nijibu swali moja. Mwanamke wa kitabu chako kipya anataka nini? Nikasema kupendwa. Akasema hata paka anataka kupendwa. Anataka nini Jumanne asubuhi, akiwa na ufagio mkononi? Nimekaa miaka kumi na tisa katika kazi hii na sijawahi kumpa shujaa wangu ufagio. Akanituma nyumbani nikaulize mwanamke yeyote.

Mwanamke wa karibu alikuwa Consing. Duka lilikuwa tupu, anakoroga unga wa muhogo kwenye supu ili iwe nzito. Nikamuuliza mwanamke wa makamo, tuseme ana duka la tambi, anataka nini.

Akauliza mwanamke gani. Nikasema wa kubuni.

Akakoroga. Akakoroga tena. Kisha akasema huyo mwanamke wa kubuni anataka kwenda bandarini Batangas apande meli ya Romblon. Mama yake alizaliwa huko, yeye hajafika. Aende peke yake. Tiketi aishike kwa mkono wake. Akae juu, upepo umpige, asimpikie mtu. Siku nne tano, arudi.

Nikamuuliza amelitaka jambo hilo muda gani. Akasema miaka ishirini na miwili.

Nikaandika yote haraka haraka nyuma ya karatasi ya oda. Nikamwambia ni mwanzo mzuri mno wa kitabu. Macho yake yalikuwa mekundu. Vitunguu vya mwaka huu vikali.

Ijumaa, 7 Juni

Purita alikuja saa moja asubuhi, rula mkononi. Tulikaa meza ya nyuma. Consing mezani kwake anakata, anasikia kila kitu.

Sijapata kuteswa hivi. Nilitaka pacha, akakataa. "Pacha ni uvivu, Mang Dulo." Nilitaka mtu apoteze kumbukumbu, akasema aliyepoteza kumbukumbu hapa ni mwandishi. Nilipendekeza mlipuko wa volkano, maana Taal iko pale dirishani bure. Akanigonga kidole kwa rula. Kila nilipotaka jambo litokee aliuliza kwa nini. Kwa nini, kwa nini, kama mtoto wa chekechea.

Lakini saa saba mchana tulikuwa nao. Sura ishirini! Sura ya kwanza mwanamke anafunga duka. Sura ya pili anapanda meli. Kisiwani anakutana na mchonga marumaru mwenye huzuni, na kadhalika, hadi mwisho. Mwisho! Niliuona mwisho kabla ya mwanzo, nikasikia kizunguzungu kama mtu aliyechungulia siku yake ya kufa.

Purita akaondoka, ana miadi ya macho. Nikaupiga chapa kwenye kompyuta. Kisha nikafanya jambo la busara. Karatasi zilikuwa zimejaa mwandiko wake kila mahali. Ushahidi! Nikazisukuma jikoni kwenye moto. Sikutaka Dahlia aonekane ana msaidizi.

Saa tisa na dakika ishirini umeme ukakatika.

Kompyuta nyeusi. Karatasi majivu. Mtaa mzima giza la mvua. Nilipiga magoti chini ya meza nikaitikisa ile kompyuta kama mtu aliyezimia. Nilipompigia Purita, simu yake ilikuwa imezimwa, yuko kwa daktari wa macho. Saa tisa na dakika arobaini na tano nikampigia Jhoanalyn kumwomba siku moja. Akasema wakubwa wanangoja mkutanoni, jina la Dahlia liko kwenye ajenda. Kama ninao kichwani, nimsomee sasa hivi, ataandika.

Kichwani! Nilikuwa na meli kichwani. Meli tu.

Consing akafuta mikono kwenye aproni, akaninyang'anya simu. Akasema, "Binti, andika." Akaanza sura ya kwanza.

Alizijua zote. Hakubabaika hata mara moja. Wateja walikuwa kama kumi mle gizani na mishumaa, wakaacha kula. Alipofika sura ya sita dereva mmoja aliyekuwa anavuta tambi kwa kelele akaambiwa na wenzake anyamaze. Sura ya kumi na moja, mwanamke anapewa nyumba nzuri na yule mchonga marumaru, anasema asante, lakini kwanza anataka kukaa ufukweni siku moja bila mtu. Mama wa duka la dawa akasema kwa sauti, "Haswa!" Sura ya ishirini ikaisha. Kisha yule dereva akauliza kitabu kinatoka lini.

Saa kumi kasoro dakika mbili. Umekubaliwa! Dahlia ni wangu!

Jhoanalyn alisema nimshukuru sana mke wangu. Nikamshukuru. Kisha nikawaeleza wateja jinsi nilivyoupata ule mpango. Nadhani Consing alikuwa amechoka, alikwenda kulala mapema.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeanza! Mpango umebandikwa mbele yangu, Purita aliuandika upya kwa mkono wake akauleta, alikumbuka naye. Kila mtu anaukumbuka isipokuwa mimi. Haidhuru. Ninao.

Kurasa kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana. Mwanamke amefunga duka, barabara, kama ilivyopangwa. Amefika bandarini. Yuko kwenye dirisha la tiketi. Najisikia mtu mpya. Ningejua zamani! Nitamwandikia Jhoanalyn niwafundishe vijana.

Jambo dogo tu. Mkata tiketi ana pengo. Halimo kwenye mpango, limejitokeza. Na alipomrudishia chenji akamuuliza kama ana mtu wa kumsindikiza. Mstari mmoja tu, hauharibu kitu.

Jumapili, 9 Juni

Ana jina. Anaitwa Fidelito. Alikuwa baharia, akaogopa maji. Mtu aliyeogopa maji anauza tiketi za meli! Nani angepanga hilo? Hakuna. Linakuja lenyewe au haliji!

Kurasa hamsini na tano. Sikwenda kanisani. Sura ya pili ni hiyohiyo bado, imenenepa kidogo. Meli imepiga honi mara tatu. Mwanamke amesikia, lakini Fidelito ndiyo kwanza ameanza kumsimulia dhoruba.

Consing alisimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. Akauliza kama ameshapanda. Nikasema bado kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Nikasema fasihi haiendeshwi kwa fimbo. Akaweka kikombe, akaenda uvunguni kutafuta kitu.

Jumatatu, 10 Juni

Mambo ya ajabu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimemkuta Consing mlangoni na mkoba, amevaa viatu vya kanisani. Nikauliza msiba uko wapi.

"Hakuna aliyekufa. Nakwenda Romblon. Nitarudi Ijumaa."

Nikamuuliza kwa nini sasa, kwa nini leo. Akasema yule wa kitabuni alipaswa kupanda sura ya pili. Amemngoja kurasa hamsini na tano pale dirishani, na kwa anavyonijua mimi atazeekea hapo. Bora mmoja wao aende.

Nikamwambia nimsindikize angalau mpaka bandarini nimnunulie tiketi. Akacheka, cheko sijalisikia siku nyingi. Akanishika shavu, lile nililolisingizia jino. Akapanda pikipiki ya kibanda pale kona, hakugeuka. Nilisimama mlangoni mpaka baridi ikanishika.

Nimepika mwenyewe. Supu imeshika chini, unga umekuwa mabonge. Yule dereva ameonja akaweka kijiko, akauliza Aling Consing, kama wateja wanavyomwita kwa heshima, yuko wapi. Nikasema safarini. Duka zima likapiga makofi. Sijui walikuwa wanampigia nani.

Mchana Jhoanalyn amepiga kuuliza maendeleo. Nimemwambia mpango tunaufuata neno kwa neno.

Kisha nimekaa peke yangu kwenye meza ya nyuma nikawaza. Nikayasoma maandishi yangu yote upya kwa jicho la msomaji. Na hapo nikaliona kosa, kubwa, la wazi, ambalo Purita, Jhoanalyn na rula zao zote hawakuliona! Mwanamke mzima, ana duka lake, ana mume wa kuzungumza naye kila siku, anachukua tu mkoba asubuhi moja na kwenda kisiwani? Bila sababu yoyote? Hakuna atakayeamini.

Nimeifuta meli yote. Fidelito ananiambia kuna basi.